Sufuria la Saba

Pankrasi alirudi kutoka kitubioni akipiga mluzi, na hapo ndipo Ludovika alipoanza kuogopa.

Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, mvua imetoka kukatika, na uani kwao Majengo maji yalikuwa bado yanatiririka kuelekea kwenye migomba. Ludovika alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, ungo wa maharage mapajani. Mumewe hakuwa mtu wa mluzi. Alikuwa fundi bati, kutwa nzima anagonga nyundo sokoni akitengeneza majiko ya mkaa na ndoo, na akirudi nyumbani alichotaka ni kimya tu.

"Padre amekupa malipizi gani mpaka unaimba?"

"Salamu Maria kumi." Pankrasi akageuza ndoo, akaikalia. "Mama Dorine, nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nimesema yote, nikasubiri. Padre akaniondolea dhambi, akaniambia nenda na amani. Mimi nikabaki pale pale nimepiga magoti, nikidhani bado kuna sehemu ya pili. Akaniuliza, 'Baba, kuna lingine?' Nikamwambia hakuna, nilikuwa nasubiri ugomvi."

Akacheka. Ludovika hakucheka. Mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya maharage.

"Yote, yapi?"

"Unajua."

Ludovika aligeuka kutazama ukuta wa mabati uliowatenga na jirani yao Devota, kisha akashusha sauti. "Umelisema sufuria?"

"Nimesema la kwangu. La kwako sikuligusa."

"Utasemaje la kwako bila kugusa la kwangu, baba? Sufuria si ni moja?"

Lilikuwa moja, ndiyo, ila ni moja kati ya saba. Jumuiya yao ya Mtakatifu Monika ilikuwa na masufuria makubwa saba ya kupikia misibani na kwenye sherehe, na Pankrasi mwenyewe ndiye aliyeyatoboa kwa msumari herufi za jumuiya kwenye ukingo. Yalitunzwa nyumbani kwa mama mmoja mjane, Theodosia, aliyeshika ufunguo wa kufuli la vyombo. Miaka miwili iliyopita, baada ya msiba mmoja, Ludovika aliondoka na moja bila kuonekana, akijiambia anakwenda kulisugua masizi. Kweli alilisugua. Kisha akalipikia komoni, kwa sababu pipa lake la kupikia pombe lilikuwa linavuja na wateja walikwisha kuagiza. Aliondoka kidogo kwenda kupokea mgeni, uji wa pombe ukashika chini, moto ulikuwa mkali, na aliporudi alikuta kitako cha sufuria kimetoboka tundu la ukubwa wa sahani, komoni yote imezima moto.

Pankrasi alisema kesho atatafuta bati nene alitie kitako kipya. Lakini kesho yake ilikuwa harusi, masufuria yakahesabiwa, yakawa sita. Kukaitwa kikao. Ludovika alikaa pembeni ya Theodosia, na Pankrasi, kwa hofu ya mkewe kuulizwa, akanyoosha mkono na kusema maneno manne tu: "Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Watu wote wakamgeukia Theodosia.

Theodosia hakujitetea sana. Wiki iliyofuata alileta sufuria lake la nyumbani kufidia, na akina mama wakamwambia arudi nalo, halitoshi hata mboga ya wapishi. Wengine walicheka. Utunzaji wa vyombo akavuliwa, akapewa Ludovika, maana kwenye kile kikao Ludovika alikuwa amelia, na mwenyekiti, Mzee Makarius, akasema mwanamke huyu ana huruma, anafaa.

Tangu siku hiyo masufuria sita yalikaa chumbani kwa Ludovika chini ya turubai. La saba Pankrasi alilifukia kwenye migomba.

"Basi umesamehewa," alisema sasa Ludovika. "Mshukuru Mungu kimyakimya, ule ugali wako, ulale."

"Hapana. Nataka kutoa shukrani kanisani. Dominika ya Huruma, baada ya Pasaka."

"Shukrani ya nini?"

"Ya kusamehewa."

Ludovika akaweka ungo chini. Katika miaka yote aliyosali Songea alikuwa ameona watu wakisogea altareni na mbuzi, na kuku, na mikungu ya ndizi, kushukuru kwa mtoto kufaulu, kwa mguu kupona, kwa mavuno, kwa pikipiki mpya. Hakuwahi kumwona mtu aliyesimama mbele ya parokia nzima kushukuru kwamba alikuwa mkosaji.

"Watauliza umesamehewa nini," alisema.

"Waulize."

"Na wewe hujui kudanganya, Baba Dorine. Uso wako wote ni mlango wazi."

Pankrasi akafikiri kidogo. "Kwa hilo," akasema, "ni kweli."

*

Alhamisi asubuhi Valence, katibu wa jumuiya, kijana mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na daftari lake kwapani.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Milele amina. Marahaba."

"Nimeona ujumbe wa baba kwenye simu. Sasa hapa nina nafasi ya sababu ya shukrani." Akafungua daftari na kupitisha kalamu. "Uponyaji, masomo, safari, ndoa, kazi, mavuno. Kusamehewa haipo. Niandike 'mengineyo'?"

"Andika kusamehewa," alisema Pankrasi.

"Kusamehewa na nani, nikiulizwa?"

"Na Mungu. Unamjua mwingine anayekaa altareni?"

"Hapana, baba, ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Na kosa, nikiulizwa?"

"Ukiulizwa, mwambie anayeuliza aanze na la kwake."

Valence aliandika polepole, akipiga mstari chini ya neno kana kwamba analitilia shaka. Ludovika alisimama mlangoni, kitenge kimekazwa kiunoni, akiitazama ile kalamu. Aliona namna kijana alivyomtupia jicho yeye, jicho fupi la kumhurumia, na hakuelewa kwa nini.

Alielewa Ijumaa Kuu, bombani. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao, na alipofika yeye maongezi yakafa ghafla. Devota akamsogelea, akamshika bega.

"Pole, mwenzangu."

"Pole ya nini?"

"Sisi wote tumeolewa, hatushangai. Ila niambie mimi jirani yako, nisiambiwe barabarani. Ni wa kiume au wa kike?"

"Nani?"

"Mtoto wa nje, Ludovika! Mwanamume mzima haamki tu asubuhi akashukuru kusamehewa. Wengine wanasema yuko Namtumbo, ana miaka mitatu, anafanana naye masikio."

Wanawake wawili waliinamisha vichwa juu ya ndoo zao wasionekane wakicheka. Ludovika alijitwisha ndoo ikiwa haijajaa vizuri. Njiani maji yalimwagika mgongoni, na alifika nyumbani amelowa, akijiuliza jambo ambalo lilimtisha kuliko uvumi wenyewe: kwamba kwa dakika moja pale bombani alikuwa amefurahi. Mtoto wa nje lingekuwa kosa la mumewe peke yake.

*

Pasaka alivaa vizuri, akaimba, akatoa sadaka. Wakati wa komunyo watu wa benchi lake waliposimama, naye alisimama, akapiga hatua moja, akarudi kukaa. Kwa miaka miwili alikuwa amepokea kila Dominika, mikono imekunjwa, macho chini. Sasa, kwa sababu mumewe amesafisha upande wake wa nyumba, uchafu wa upande wa pili ulikuwa unaonekana.

Kukaa kwake kulionekana pia. Mpaka jioni uvumi ulikuwa umeongezeka mguu: Ludovika amekataa komunyo kwa hasira, anamwacha Pankrasi, anarudi kwao Madaba.

Jumatatu Abdulswamadu, mwenye duka la pembeni mwa kibanda cha Pankrasi, alimwita Ludovika alipokuwa anapita sokoni. Alikuwa mzee mtaratibu, mtani wa siku nyingi.

"Shemeji, hebu nisaidie. Sisi mtu akitubu, anatubia na Mola wake, basi. Huyu bwana wako anatubu mpaka wateja wangu wananiuliza mimi. Jana nimeulizwa habari zake mara nne, sabuni nimeuza moja."

"Waambie hujui."

"Nawaambia. Wanasema najua nakataa." Akapunguza sauti, utani ukamtoka. "Lakini shemeji, tangu afanye hiyo toba yake, huyu mtu anagonga bati kama kijana. Nimekaa naye jirani miaka tisa. Alikuwa anagonga kama anampiga mtu."

Ludovika alirudi na maneno hayo. Usingizi wake ulikuwa umeharibika. Kila geti lilipolia alidhani ni Mzee Makarius na wajumbe wamekuja. Aliingia chumba cha vyombo, akafunua turubai, akahesabu masufuria sita kama mtu anayetarajia siku moja kuhesabu na kukuta saba.

Jioni alimkuta Pankrasi anafuta viatu.

"Nifute jina?" aliuliza mumewe kabla hajasema kitu. "Nimeona hata kula huli. Nikimwambia Valence aniondoe, ataniondoa. Mungu hatanidai mbuzi."

Ludovika alikuwa amekuja kuomba jambo hilo hilo. Lilipowekwa mkononi mwake likamshinda.

"Ukifuta, watasema nimekuzuia."

"Watasema."

"Usipofuta, watakuuliza mpaka utasema."

"Kukutaja sitakutaja. Lakini Theodosia nimemsingizia mimi kwa mdomo wangu, mbele za watu. Padre ameniambia nitengeneze pale nilipobomoa, kadiri ninavyoweza. Nimewaza siku tano. Siwezi kusema ufunguo haukuwa na kosa bila watu kuuliza kosa lilikuwa la nani." Akaweka kiatu chini. "Mama Dorine, unamwogopa Mungu, au unamwogopa Devota?"

"Devota," alisema Ludovika papo hapo. "Mungu hana bomba la kuteka maji."

Pankrasi akacheka, na Ludovika mwenyewe akajikuta mdomo unamcheza. Ndipo akalia. Alilia kama alivyolia kwenye kile kikao, kwa kwikwi zile zile, ila safari hii hakukuwa na mtu wa kumsifu kwa machozi yake.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kitenge.

"Ulilifukia wapi hasa?"

*

Walilifukua Ijumaa mchana, sokoni kukiwa na watu na mtaani kukiwa kweupe. Lilitoka na udongo mwekundu, mizizi ya migomba imepita kwenye tundu lake. Ukingoni zile herufi bado zilisomeka. Pankrasi alilikata lile tundu likawa duara, akakata kipande cha bati nene, akalikunja pindo kwa pindo na kuligonga juu ya chuma cha reli mpaka saa kumi. Kisha akalijaza maji, wakakaa wote wawili kulitazama. Halikuvuja.

"Kitako kinaonekana kigeni," alisema Ludovika.

"Kitaonekana hivyo hivyo. Mimi si kiwanda."

Jumamosi Ludovika alilitwaa, akalifunika kanga, akajitwisha. Pankrasi alitaka kwenda naye, akamkatalia. Alipita kwa Devota, aliyekuwa anafagia nje.

"Unahama kweli?" aliuliza Devota.

"Narudisha chombo cha watu," alijibu, akishangaa jinsi maneno yalivyotoka mepesi.

Alimkuta Theodosia uani, amekaa kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Nyumba yake ilikuwa ndogo, safi sana. Tangu kile kikao alikuwa akisali Misa ya kwanza, akikaa benchi la nyuma, akiondoka kabla ya matangazo. Mwaka jana alipougua, zamu ya kumpelekea uji ilisahaulika mara mbili. Zamu moja ilikuwa ya Ludovika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umebeba nini kizito hivyo?"

Ludovika hakukaa. Alitua sufuria, akaondoa kanga. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, ameyapanga vizuri, na yote yakapotea.

"Nililichukua mimi," alisema. "Siku ya msiba. Nikapikia komoni, likatoboka. Tukalificha."

Theodosia aliweka gunzi chini. Aliinamia ukingo, akapitisha kidole kwenye zile herufi, moja moja. Kisha akaligeuza, akatazama kitako kipya. Kuku alikuja kudonoa mahindi, hakumfukuza.

"Ulilia," alisema hatimaye. "Kwenye kikao. Nilipofika nyumbani nilikuombea. Nikasema, Bwana, angalau yule mmoja amenionea uchungu."

Ludovika akapiga magoti palepale kwenye maganda ya mahindi. "Nisamehe, mama."

"Ngoja." Theodosia aliinua kiganja, si kwa ukali. "Ngoja kwanza. Mimi aliyechukua sufuria nilikwisha kumsamehe. Kila siku mara mbili, kwenye Baba Yetu, nilikuwa nalitaja sufuria kwa jina. Ilinichukua kama mwaka mzima, lakini nilifika. Ila nilikuwa namsamehe mwizi, mtu nisiyemjua, hana uso. Sasa ana uso, na ni wako, na uso huo ulikaa pembeni yangu ukilia." Alivuta pumzi. "Itabidi nianze upya. Sijui nitachukua muda gani. Sitaki nikudanganye kwa kuwa tu umepiga magoti."

"Ndiyo, mama."

"Umeungama?"

"Bado. Nimeanza kwako."

"Umezunguka," alisema Theodosia. "Padre angekuwa rahisi zaidi."

Ilikaribia kuwa kicheko. Lakini alirudi kwenye mahindi yake, punje zikaanza tena kudondoka kwenye ungo, na Ludovika akaelewa kwamba ameruhusiwa kuondoka.

"Sufuria nikuachie?"

"La jumuiya hilo. Kwangu linatafuta nini?"

*

Dominika ya Huruma, kabla ya Misa, Ludovika alisimama kwenye mstari wa kitubio nyuma ya wazee watatu. Alisema yote kwa dakika chache. Naye alisubiri sehemu ya pili, na haikuja. Alitoka akitarajia kujisikia kama mumewe, lakini hakukuwa na wimbo wowote ndani yake. Alisikia njaa tu, njaa ya kawaida, ya kwanza tangu Jumatano ile.

Alipokea komunyo. Baada ya matangazo Valence akasoma: wa kufaulu, wa kupona, wa kujaliwa mapacha. Kisha akasafisha koo.

"Familia ya Pankrasi, Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Wanamshukuru Mungu kwa kusamehewa."

Kanisa zima likageuka. Kwaya ilianza, ngoma ikadunda, na wao wakatoka nyuma wakicheza taratibu kama ilivyo desturi. Kati yao, kila mmoja ameshika mkono wake, lilikuwa sufuria lililojaa mahindi mabichi na maharage. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Katika benchi la nne mwanamke mmoja alimgusa mwenzake, akaonyesha ukingo. Mguso ule ukapita benchi hadi benchi, haraka kuliko wao wenyewe walivyokuwa wanatembea. Ludovika alimwona Devota amefunika mdomo. Alimwona Mzee Makarius amevua miwani. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza upande wa kulia vilififia, na njia ya katikati, ambayo aliizoea, ikawa ndefu kama barabara ya Njombe. Alitazama mbele. Alitembea.

Mbele ya altare walitua. Padre akabariki, akanyunyiza maji, na tone moja likaangukia ukingo wenye zile herufi, likang'aa.

*

Nje, watu walisimama makundi makundi chini ya jua la saa nne. Hakuna aliyewasogelea. Mzee Makarius ndiye aliyekuja hatimaye, na wajumbe wawili nyuma yake.

"Tutakaa kikao," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka zaidi kuliko kukasirika. "Mna mengi ya kueleza. Lakini kwa leo, vyombo vinakaa kwa nani?"

Ludovika alikuwa na ufunguo tayari, umefungwa kwenye pindo la kitenge. Alihangaika na fundo, watu wakimtazama. Aliponyoosha mkono kumpa mwenyekiti, mkono mwingine, mkavu, wenye vumbi la mahindi kwenye kucha, ukaupokea.

Theodosia hakuwa ameondoka kabla ya matangazo.

"Ulikuwa kwa nani?" alisema, akimtazama Pankrasi usoni. "Si uliuliza, baba? Ulikuwa kwangu."

"Ulikuwa kwako, mama," alisema Pankrasi kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Na hukuwa na kosa lolote. Nilisema vile kuficha ukweli wangu. Nisameheni."

Theodosia alifunga ufunguo kwenye upindo wa kanga yake. Aliinama juu ya sufuria, ambalo lilikuwa limemwagwa vipaji na sasa lilikuwa tupu, akashika mkono mmoja. Akasubiri. Ludovika hakujua anasubiri nini.

"Mimi nina mikono mingapi?" alisema Theodosia. "Shika upande ule."

Wakalinyanyua. Theodosia alitembea haraka kwa umri wake, hatua zao hazikulingana, na sufuria likawa linamgonga Ludovika kwenye mfupa wa mguu kila baada ya hatua mbili. Hakuomba wapunguze mwendo. Walipita katikati ya makundi, na watu wakawapisha. Nyuma yao, hatua chache, Pankrasi alijisahau, mluzi ukamtoka.

"Mwambie aache," alisema Theodosia bila kugeuka. "Mimi bado sijafika huko."

"Baba Dorine, acha."

Mluzi ukakoma. Waliendelea kushuka kuelekea Majengo, sufuria likigonga, likigonga. Penye mteremko Theodosia alisimama, akabadilisha mkono, na kabla ya kunyanyua tena alimtazama Ludovika mguuni, mahali palipoanza kuvimba.

"Pita upande wa huku," alisema. "Huko kunakugonga."